Umekuta kifuko cheupe shambani? Usikibonyeze kwanza, soma hapa ujue ni mayai ya buibui au ya adui

Kila msimu mahindi yakishafika magotini simu yangu inajaa picha ya kitu kile kile. Jani la hindi, kidole gumba cha mtu kimeziba nusu ya picha, katikati kuna kitu cheupe kama pamba, afu chini swali moja: "mkuu hii nini na nipige dawa gani?" Yaani mtu anaulizia dawa kabla hajajua anaumwa nini.

Siwacheki lakini, maana mimi mwenyewe nishafanya huo ujinga. 2017, mwaka ambao viwavijeshi vamizi walituingilia huku, niliwaambia vijana wangu piteni mstari kwa mstari, kila kitu cheupe bonyeza. Wakabonyeza kweli kweli. Vifuko vya buibui wakavimaliza, vifuko vya wale nyigu wadogo wanaoua viwavi navyo wakavimaliza, ila mayai yenyewe ya kiwavijeshi mengi wakayapita, kwa sababu yana rangi ya kijivu wao wakaona ni ukungu tu wa kwenye jani. Wiki haijaisha mahindi yamejaa madirisha, yale mabaka ya kupenyeza mwanga ambayo viwavi wachanga wanayaacha kwenye jani. Nilikuwa nimewalipa watu kibarua waniulie askari wangu mwenyewe.

Kwa hiyo humu nimepanga kwa kile unachokiona, naanza na sababu inayotokea sana kisha zile za nadra. Huhitaji vifaa, njiti ya kiberiti na kamera ya simu vinatosha.

Kwanza kabisa, kabla ya kitu chochote

Angalia uzi. Buibui anasuka, kwa hiyo kifuko chake ni kitambaa, kina nyuzi nyuzi, ukikigusa pembeni na njiti kinavutika na kunata kidogo kabla ya kuchanika. Mayai ya nondo, na nondo ndo mama wa kiwavijeshi, hayana kitambaa, yana manyoya tu yaliyomwagwa juu, ukiyapitishia njiti yanatoka kama lile vumbi la kwenye bawa la nondo. Hapo peke yake umeshamaliza nusu ya kazi.

Kingine angalia nani yuko karibu. Buibui wengi jike hakai mbali na kifuko, yuko chini ya jani au kwenye utando pembeni. Nondo akishataga anaondoka, humkuti.

Na usitumie kidole kuchokoa. Njiti, au bua la nyasi. Sababu ntaisema huko chini.

"Kuna kitu cheupe kama pamba kwenye jani la hindi"

Hii ndo inaongoza. Sababu ya kwanza, na ndo ya haraka, ni mayai ya kiwavijeshi vamizi. Yanakuwa bapa, yamegandishwa kwenye jani, mara nyingi upande wa chini, rundo moja lina mayai kama 100 mpaka 200 na juu yake kuna manyoya ya kijivu. Ukifuta yale manyoya utaona vimayai vidogo kuliko punje ya ulezi vimepangana vizuri, saa nyingine tabaka juu ya tabaka. Kwenye joto yanaanguliwa ndani ya siku 2 au 3, na yakianza kuwa meusi ujue imebaki masaa. Kwa hiyo hili halina cha kusema ntarudi Jumamosi. Bonyeza hapo hapo, au kata kile kipande cha jani uondoke nacho. Kisha tembea shamba lote kwa mwendo wa herufi W, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea kumi, ndo utajua una rundo moja la bahati mbaya au una vita.

Ya pili ni vifuko vya nyigu wadogo, hawa ni rafiki. Vinafanana na punje za mchele mweupe zilizofungwa kwenye pamba, kama vingi vimeshikana, au kimoja kimoja peke yake, na karibu yake mara nyingi kuna kiwavi amekufa au anakufa, amesinyaa hana nguvu. Yule nyigu alitaga ndani ya kiwavi, watoto wakamla wakiwa ndani, wakatoka wakajisukia vifuko nje. Kwa mabua yenye funza ukipasua bua unaweza kukuta rundo zima la hivyo vipunje kwenye handaki la funza. Mmoja wa hawa nyigu, Cotesia flavipes, aliletwa kutoka Asia akaachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993 makusudi kabisa amshughulikie funza wa mabua ambaye naye alitoka huko huko Asia, na akazaana. Sasa serikali na watafiti wahangaike kumleta, wewe unambonyeza na gumba! Viache.

Ya tatu ndo kifuko cha buibui chenyewe. Kwenye jani la hindi kinakuwa kama kidonge bapa au kisahani kilichofunikwa na kitambaa cheupe kigumu kidogo kama karatasi, kingo zake zimeshikizwa na nyuzi. Hakina manyoya ya kupeperuka. Mama yupo, na ukisogea anazunguka upande wa pili wa jani kama anakuchungulia. Acha.

Kama sio mahindi, ni muhogo au mpapai, hapo nianze upya kabisa: kitu cheupe pamba pamba kwenye ncha ya muhogo au chini ya jani la mpapai mara nyingi ni wale wadudu wa nta nyeupe, wengine wanawaita vidung'ata. Ponda na njiti, kikitoa majimaji na nta inayopaka kama unga, ndo wenyewe. Na utakuta sisimizi wanapanda na kushuka wanafuata ile sukari. Huyo usimshughulikie kwa kubahatisha, muite bwana shamba, maana kwenye muhogo kuna nyigu wake maalum ambaye dawa kali inamuua kwanza yeye.

"Nimeona kimpira cheupe kinakimbia chini"

Umeona vizuri, hujalewa. Ni buibui mwindaji wa chini, yule wa kijivu au kahawia asiyetega utando, anakimbiza chakula kwa miguu. Jike anashona mayai yake kwenye kimpira kama punje ya njegere afu anakifunga mkiani na kutembea nacho kila mahali. Ukikiangalia kwa karibu, zumu kamera, kina mshono umezunguka katikati kama mpira wa tenisi uliopasuliwa na kuunganishwa, na mama wakati ukifika ndo anaung'ata ule mshono watoto watoke. Wakitoka wanampanda mgongoni wote, makumi kwa makumi, unaona buibui kama kavaa koti la manyoya, ukimgusa koti linasambaa kila upande. Wengi wanaokuja kwangu na stori ya "buibui wa ajabu mwenye manyoya yanayotembea" ni hiki.

Mwaka juzi kwenye mistari ya maharage nilimpokonya mmoja kimpira chake na kijiti, kwa utafiti tu wa kijinga. Hakukimbia. Alizunguka pale pale, anapapasa udongo na miguu ya mbele, anarudi, anapapasa tena, nikamsogezea kipande cha pamba nilichokiviringisha kwa mate, akakikumbatia, akakifunga mkiani na kuondoka nacho. Nilijisikia vibaya aisee, nikamfuata nikamrudishia cha kwake.

Kama kimpira anakibeba kifuani ameking'ata kwa mdomo, sio mkiani, huyo ni ukoo mwingine, naye mayai yakikaribia anashona hema la utando kwenye nyasi au kwenye mmea, anakitundika ndani, anakaa nje kulinda. Wote wawili hawana shida na wewe. Wanakula viwavi wadogo, vidukari, panzi wachanga. Hakuna cha kurekebisha hapa.

"Kimpira kina miba miba"

Hapa simama.

Kimpira cha rangi ya maziwa au njano hafifu, kama sentimita 1, na mwili mzima umejaa vimiba vya uzi kama lile bomu la majini la kwenye sinema, hicho ni kifuko cha Latrodectus geometricus. Ni buibui wa kahawia au kijivu, tumbo lake duara kama shanga kubwa, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu umbo la namba nane. Ni ndugu wa wale weusi wenye sumu wanaosifika duniani. Kati ya vifuko vyote tunavyokutana navyo hakuna kingine chenye hiyo miba, kwa hiyo huwezi kukosea.

Sasa, mara nyingi hata huyu humkuti katikati ya shamba. Anapenda vitu vya watu: chini ya kiti cha plastiki, ukingo wa ndani wa ndoo, mfuniko wa simtanki, choo cha shimo, gambuti uliloliacha stoo toka masika, na sehemu ninayoiona mimi kila mwaka ni kwenye pampu ya kupulizia, pale chini mkanda unapoingilia. Mtu anaivaa mgongoni bila kuangalia.

Ukaguzi rahisi: tochi, na usiku ni bora zaidi maana ndo anatoka. Tafuta utando usio na mpangilio, umevurugika tu kama nyuzi za shuka lililochanika, na vifuko mara nyingi sio kimoja, ni vitatu vinne vinaning'inia pamoja. Ukimgusa anajidondosha na kujikunja kama amekufa. Hajafa.

Kurekebisha: glovu ngumu, shati la mikono mirefu, kijiti kirefu. Zungushia kifuko kwenye kijiti kama unavyozungushia tambi kwenye uma, kisha kiponde na jiwe au kidumbukize kwenye kopo la maji yenye sabuni nyingi. Usipulizie dawa ukadhani umemaliza, kile kitambaa kinazuia dawa, mama atakufa na mayai yataanguliwa baada ya wiki kadhaa. Na usichome moto stoo. Nasema hivi kwa sababu kuna jirani alichoma, stoo ina makopo ya viuatilifu na mafuta ya jenereta, tulizima na ndoo.

Ukikuta vingi ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa, au kwenye choo cha shule, usijifanye fundi, tafuta wapulizaji wenye kibali wafanye kazi yao.

"Jani limekunjwa na limeshonwa, kuna kitu ndani"

Pwani huku Tanga, Mtwara, Zanzibar, kwenye mkorosho, mwembe au mnazi, sababu ya kwanza ni majimoto, wala sio buibui. Majani mengi yameunganishwa na utando mweupe, kama mpira wa majani. Gonga tawi kidogo, wakitoka sisimizi wekundu wenye hasira umepata jibu na pole yako. Wakulima wa korosho wanawajua, hawa wanalinda korosho dhidi ya wadudu wanaofyonza, msiwachome.

Ya pili ni kiwavi anayekunja majani. Dalili ni kinyesi, vichembe vyeusi kama baruti ndani ya mkunjo, na jani limeliwa.

Ya tatu ni buibui, jani moja limekunjwa mara moja au mara mbili kama bahasha, halijaliwa, hamna kinyesi, kuna kitambaa cheupe ndani. Hapa ndo ile sababu ya kutotumia kidole. Kuna buibui wa rangi ya majani makavu, njano ya kupauka, miguu ya mbele mirefu, jike anajifungia humo na mayai na ukifungua kwa kidole anang'ata, halafu inauma siku mbili tatu. Lakini pia anaweza kuwa ni yule mdogo mrukaji mwenye macho makubwa mbele, huyu hana neno kabisa. Kando ya Ziwa Viktoria kuna mrukaji mmoja, Evarcha culicivora, anapenda kuliko vyote kuwinda mbu waliokwisha shiba damu. Ukimpata nyumbani kwako mpangishe bure.

Ukitaka kujua yupi bila kufungua, inua jani kuelekea jua upige picha, kivuli chake kitaonekana.

"Kama povu limekauka kwenye kijiti"

Vunjajungu. Sio buibui. Kahawia hafifu, gumu, lina mistari. Ndani kuna mayai mengi na watakaotoka ni wawindaji, acha. Na hakuna chungu kitakachovunjika kwa wewe kumgusa, hata kama bibi alikwambia.

"Vimayai vingi ndani ya udongo"

Buibui karibu kamwe haachi mayai yakiwa wazi yamelegea kwenye udongo, lazima kuwe na kitambaa. Hayana kitambaa? Anza na konokono: meupe ya njano njano, kama njegere ndogo, mamia yamerundikana chini kidogo ya udongo wenye unyevu, hasa karibu na mchicha na migomba. Kusanya, ponda. Yakiwa mawili tu, ganda gumu jeupe, kwenye ufa au chini ya gome, ni mjusi.

Na kuna dada mmoja alinitumia picha ya "mayai ya buibui yametapakaa shamba zima", nikamwambia mwaga maji kidogo kwenye kimoja usubiri. Kikayeyuka. Ilikuwa CAN, mume wake alikuwa ameweka mbolea asubuhi hajamwambia.

Ukikuta shimo lenye mdomo uliotandikwa utando, kama bomba la kitambaa linaingia ardhini, humo kuna buibui mkubwa wa manyoya na kifuko chake kiko chini huko. Usiingize mkono, usiingize hata fimbo. Shimo likiwa halina utando ndo kabisa, linaweza kuwa la nyoka.

"Kifuko kina matundu" au "kimetoka kitu kingine"

Tundu moja lisilo na umbo, au kimepasuka upande, na pembeni kuna ngozi ngozi ndogo nyeupe: watoto walishatoka. Asubuhi tulivu ukiona nyuzi zinapepea juu ya mahindi zinang'aa na jua, ndo hao, wanapanda juu ya jani, wanaachia uzi, upepo unawabeba. Mtu mmoja aliniambia shamba limerogwa.

Matundu madogo madogo duara kama yametobolewa na sindano: nyigu walishawahi, walitaga ndani ya mayai ya buibui. Nako shambani ndo maisha.

Umeng'atwa, au unadhani umeng'atwa

Nianze na la "unadhani". Ukiamka na mstari wa malengelenge unaochoma shingoni au mkononi, watu wanasema buibui kakukojolea. Buibui hakojoi hivyo. Wakati wa mvua mara nyingi ni yule mdudu mwembamba mweusi na mwekundu, nairobi flai, hang'ati, umempondea kwenye ngozi usingizini na maji yake yanaunguza. Osha kwa sabuni, usishike macho. Ila malengelenge yakiwa upande mmoja tu wa mwili, yamefuata mkanda kifuani au usoni, na yalianza na maumivu, huo ni mkanda wa jeshi, nenda hospitali mapema, likifika jichoni halina mchezo.

Kung'atwa kwenyewe, buibui wengi inaishia uwekundu na maumivu kama ya nyigu. Osha, weka kitambaa cha baridi, subiri. Kwa yule wa vifuko vya miba nako mara nyingi inaishia hapo hapo. Acha kusubiri na uende hospitali kama maumivu yanapanda kutoka pale yanasambaa, jasho linatoka bila sababu, tumbo au misuli inakaza, unatapika, pumzi inabana, au aliyeng'atwa ni mtoto, mjamzito au mzee. Hakuna kuchanja na wembe, hakuna kufunga kamba, hakuna kunyonya, na lile jiwe la nyoka libaki kwa mwenye nalo. Kama buibui kauawa mbebe kwenye kopo, daktari atafurahi.

Umejaribu yote bado hujui

Piga picha tatu: moja ya karibu na njiti ya kiberiti pembeni ili saizi ionekane, moja ya upande wa pili wa jani, moja ya mmea mzima, taja na zao, umtumie afisa ugani wa kata yako. Au fanya ninachofanya mimi, kata jani na kifuko chake, weka kwenye chupa kavu, funika na kitambaa, weka kivulini. Viwavi watajitokeza ndani ya siku tatu, buibui na nyigu wanaweza kuchukua wiki kadhaa. Kitambaa kiwe cha kanga iliyoshonwa vizuri na kifungwe na mpira. Mimi mara ya kwanza nilitumia kipande cha chandarua, nikaweka chupa dirishani chumbani, kumbe kibuibui cha siku moja kinapita kwenye tundu la chandarua bila hata kuinama. Asubuhi pazia lote lina nyuzi, na mke wangu hakunisemesha mpaka jioni.